Kinanda cha Mdomo na Pumzi ya Uzeeni: Zoezi la Mapafu kwa Wazee wa Ufipa

Kata ya Mwazye imo katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa. Sehemu kubwa ya uwanda huo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takribani moja ya tano ukilinganishwa na ule wa Tanga au Dar es Salaam, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Kijana mwenye mapafu mazima hahisi tofauti hiyo, kwa kuwa mwili wake umeizoea tangu utotoni. Mzee ambaye mapafu yake yamedhoofishwa na moshi wa jikoni, tumbaku au kifua kikuu cha zamani huihisi kila anapopanda kilima.

Mzee wa namna hiyo akifika zahanati na kusema kwamba pumzi haitoshi, mara nyingi hujibiwa na jamaa zake, na wakati mwingine hata na mhudumu, kwamba huo ni uzee. Jibu hilo lina madhara mawili. Kwanza, huficha maradhi yanayoweza kupimwa na kutibiwa. Pili, humfundisha mzee kwamba hakuna analoweza kulifanya. Makala haya yanaeleza zoezi moja ambalo mzee anaweza kulifanya nyumbani kwa chombo kidogo kinachoenea katika kiganja, yaani kinanda cha mdomo. Yanaeleza pia mipaka ya zoezi hilo, kwa sababu chombo kinachosifiwa kupita kiasi huweza kumchelewesha mgonjwa kupata tiba.

Mapafu yanavyozeeka

Mapafu hayana misuli ya kujipanua yenyewe. Hupanuliwa na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Katika utulivu, kutoa hewa hakuhitaji nguvu: mapafu hunywea yenyewe kama mpira uliovutwa kisha ukaachiwa. Kadiri umri unavyosonga, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Mapafu hupoteza sehemu ya mnyumbuko wake, ukuta wa kifua hukakamaa, na misuli ya kupumua hudhoofika. Hata kwa mtu asiyevuta sigara, kiasi cha hewa anachoweza kukitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza hupungua kwa takribani mililita 20 hadi 30 kila mwaka baada ya ujana. Hewa iliyotumika hubaki kifuani kwa wingi zaidi, na nafasi ya hewa mpya hupungua.

Mabadiliko hayo peke yake hayamzuii mzee kwenda shambani au kanisani. Kinachomzuia ni ugonjwa unaoongezeka juu yake. Ufipa ina baridi kali katika miezi ya Juni na Julai, na watu wengi hupika na kuota moto wa kuni ndani ya nyumba milango ikiwa imefungwa. Moshi huo, ukivutwa kwa miaka mingi, huunguza njia za hewa na kuharibu vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia katika damu. Matokeo yake ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Utafiti uliofanyika katika eneo la vijijini nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulipima watu wenye umri wa miaka 35 na zaidi, ukaugundua kwa asilimia 17.5 kati yao, yaani takribani mtu mmoja kati ya sita. Wengi wa wagonjwa wa aina hiyo hawajui kwamba wanaumwa.

Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri, na tanuri zao zinaweza kusaidia kueleza jambo hili. Tanuri refu la udongo, lililozidi kimo cha mtu, lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila kupulizwa. Tanuri dogo la kusafishia chuma halikuweza kufanya hivyo. Lilihitaji mivukuto na mikono ya kuisukuma. Pumzi ya kijana inafanana na tanuri refu, huingia bila yeye kuifikiria. Pumzi ya mzee mgonjwa inafanana na tanuri dogo: mivukuto ni lazima ifanye kazi, na mivukuto hiyo ni misuli inayoweza kuimarishwa kwa mazoezi.

Kinanda kinavyofanya kazi

Kinanda cha mdomo cha kawaida kina matundu 10 na ndimi nyembamba za shaba 20. Kila tundu lina ndimi mbili: moja hulia hewa inapopulizwa, nyingine hulia hewa inapovutwa. Hapo ndipo kinapotofautiana na filimbi au tarumbeta. Vyombo hivyo hulia kwa kupuliza tu, na mpigaji huvuta hewa haraka anapopata nafasi. Kinanda cha mdomo hudai pande zote mbili za pumzi, na kila upande unalipwa kwa sauti.

Wanakwaya wanaosoma noti za do, re, mi wataelewa haraka. Katika kinanda hicho, tundu la 4 likipulizwa hutoa do na likivutwa hutoa re. Tundu la 5 hutoa mi kwa kupuliza na fa kwa kuvuta. Tundu la 6 hutoa so kwa kupuliza na la kwa kuvuta. Katika tundu la 7 mpangilio hugeuka: ti hupatikana kwa kuvuta na do ya juu kwa kupuliza. Anayepanda ngazi hiyo polepole kutoka do hadi do amepuliza mara nne na kuvuta mara nne, kwa mpangilio na kwa kipimo. Hilo ni zoezi kamili la kupumua, ingawa masikio husikia muziki.

Faida zinazotarajiwa ni tatu. Ya kwanza ni ukinzani. Hewa inayopita katika tundu jembamba hukutana na kizuizi kidogo, na misuli ya kupumua hulazimika kufanya kazi zaidi ya kawaida. Ya pili huhusu kutoa hewa. Kwa mgonjwa wa njia za hewa zilizolegea, pumzi ya haraka huzifanya njia hizo zijifunge kabla hewa haijaisha kutoka. Akitoa hewa polepole kupitia midomo iliyobanwa, mgandamizo mdogo hubaki ndani na kuziweka wazi. Wataalamu wa fiziotherapia hufundisha mbinu hiyo bila chombo chochote. Kinanda humfanya mgonjwa aifuate bila kuhesabu. Ya tatu ni kasi. Wimbo hauwezi kupigwa kwa pumzi za hofu, fupi na za juujuu. Mpigaji hulazimika kupunguza mwendo na kupumua kwa kutumia kiwambo.

Yale ambayo utafiti umeonyesha

Ushahidi uliopo unatia moyo, lakini ni mdogo. Nchini Marekani, kikundi cha wagonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kilijifunza kinanda cha mdomo kwa wiki 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Watu 11 walimaliza mafunzo. Nguvu ya misuli yao ya kuvuta na ya kutoa hewa iliongezeka, na umbali waliotembea kwa dakika 6 uliongezeka kwa wastani wa takribani mita 60. Katika kipimo hicho, ongezeko la mita 30 tayari huhesabiwa kuwa na maana katika maisha ya mgonjwa. Hata hivyo, utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishia. Utafiti mwingine mdogo, uliochapishwa mwaka 2012, uliongeza kinanda katika programu ya kawaida ya utengamao wa mapafu na haukupata tofauti ya maana kati ya waliopiga na wasiopiga.

Karibu zaidi na Ufipa, kuna kazi iliyofanyika katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2017. Haikuhusu kinanda. Ilihusu watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika, nao walipewa utengamao wa mapafu kwa wiki 6: mazoezi ya viungo, mafunzo ya kupumua na elimu ya ugonjwa. Mwishoni waliweza kutembea mbali zaidi, na hali ya maisha yao ikawa bora. Somo lake ni kwamba mapafu yenye makovu ya kifua kikuu hayamfungi mtu kitandani, na kwamba utengamao unawezekana bila mashine za gharama.

Ukiweka kazi hizo pamoja, hitimisho la haki ni hili: kinanda cha mdomo ni msaidizi wa utengamao, wala si mbadala wake. Hakirudishi vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika. Hakichukui nafasi ya dawa za kuvuta, za pumu au za moyo. Kinachoweza kufanya ni kuimarisha misuli, kutuliza mwendo wa pumzi, na zaidi ya yote, kumpa mgonjwa sababu ya kurudia zoezi kesho.

Pumzi, hofu na upweke

Kukosa pumzi huleta hofu, na hofu huongeza kasi ya pumzi. Kasi hiyo hujaza kifua hewa isiyotoka, na hali huzidi kuwa mbaya. Mgonjwa aliyepitia mzunguko huo mara chache hujifunza kuukwepa kwa kukaa. Huacha kwenda mnadani, kisha kanisani, kisha hata kwa jirani. Misuli ya miguu hunyong'onyea kwa kutotumika, na safari iliyomchosha mwaka jana humshinda mwaka huu. Kwa njia hiyo ugonjwa wa mapafu huzaa upweke, na upweke huzaa sonona.

Muziki huvunja mzunguko huo katika sehemu mbili. Mzee anapopiga kinanda, kuhema si jambo la kuogopa tena bali ni sehemu ya wimbo, na akili huhamia kwenye noti inayofuata. Pia hupata kitu kipya anachokiweza, katika umri ambao watu humhesabia yale tu asiyoyaweza. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilichunguza mafunzo ya kupumua kwa njia ya uimbaji kwa watu waliobaki na shida ya pumzi baada ya UVIKO-19. Waliopata mafunzo hayo walionyesha nafuu katika ustawi wa akili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Uimbaji na kinanda si kitu kimoja, lakini vyote hufundisha pumzi ndefu iliyotulia.

Mhudumu asidhani kwamba kinanda kinatosha kutibu sonona. Baada ya kumwamkia mzee na kumpa nafasi ya kukaa, amwulize maswali mawili: Je, katika wiki mbili zilizopita amekuwa akijisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Je, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linadai mazungumzo marefu zaidi. Mawazo ya kujidhuru yanadai rufaa siku hiyohiyo.

Kabla ya kuanza

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Mzee mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi la usiku au kupungua uzito apimwe makohozi kwanza. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo nchini Tanzania, na kila juma la kuchelewa huwaweka wajukuu wanaolala chumba kimoja naye katika hatari ya kuambukizwa. Kumpa mzee huyo kinanda kabla ya majibu ni kosa: humchelewesha, na hewa anayoitoa kwa nguvu inaweza kusambaza vimelea.

Wafuatao wasianze bila ruhusa ya daktari: anayekohoa damu, aliyewahi kupata hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua, aliyefanyiwa upasuaji wa macho, kifua au tumbo hivi karibuni, mwenye ngiri inayouma, mwenye maumivu ya kifua anapojishughulisha, na aliyevimba miguu huku akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, kwa kuwa hizo ni dalili za moyo kushindwa kufanya kazi.

Palipo na kipima oksijeni cha kidoleni, mhudumu akumbuke kimo cha uwanda. Mzee mwenye afya anayeishi Mwazye anaweza kuonyesha asilimia 94, mahali ambapo mkazi wa pwani angeonyesha 97 au 98. Hilo peke yake si ugonjwa. Kisomo kilicho chini ya asilimia 90 wakati wa kupumzika kinadai rufaa kwa daktari, iwe hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga.

Namna ya kufanya mazoezi

Mzee akae kwenye kiti kisicho na mito laini, mgongo ukiwa wima, mabega yamelegea na nyayo zikigusa sakafu. Kama hutumia dawa ya kuvuta kwa ajili ya pumu au kubanwa kwa njia za hewa, aitumie kama alivyoelekezwa kabla ya kuanza. Asifanye zoezi mara tu baada ya kushiba, wala karibu na moto unaofuka moshi.

Katika wiki mbili za kwanza dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Aweke midomo juu ya matundu matatu kwa pamoja, apulize taratibu kwa hesabu ya mbili, kisha avute kwa hesabu ya mbili. Mkono mmoja ukae juu ya tumbo: tumbo lijae anapovuta na kunywea anapopuliza. Mashavu yakifura, pumzi inatoka mdomoni badala ya kutoka kifuani. Sauti iwe ndogo, kwani nguvu nyingi huharibu ndimi na kumchosha mpigaji.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita, ajaribu tundu moja moja na ngazi ya do hadi do, kwa dakika 10 hadi 15. Kisha aingie katika nyimbo anazozijua tangu zamani, ziwe za kanisani, za mavuno au za kubembelezea watoto. Kufikia wiki ya nane au ya kumi na mbili, wengi wanaweza kufikia dakika 20 hadi 30 kwa siku, siku tano kwa juma, wakipumzika katikati. Haba na haba hujaza kibaba; dakika 10 za kila siku hufaa kuliko saa nzima ya Jumapili.

Mpigaji akihisi kifua kimejaa, atoe kinanda mdomoni, abane midomo na kutoa hewa polepole hadi atulie. Kizunguzungu au ganzi ya midomo humaanisha kwamba amepumua kwa kasi mno, apumzike. Maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi ya samawati, au pumzi isiyotulia baada ya mapumziko ya dakika 10 ni sababu ya kuacha na kwenda kituo cha afya.

Mhudumu apime maendeleo kwa vipimo rahisi. Umbali wa kutembea kwa dakika 6 katika njia tambarare ya mita 30 unafaa. Vilevile inafaa kuhesabu ni mara ngapi mzee anasimama na kukaa kitini kwa dakika moja. Vipimo hivyo vifanyike mwanzoni na baada ya wiki 12, na viandikwe kwenye daftari la mgonjwa.

Chombo kimoja, mdomo mmoja

Kinanda cha mdomo kisiazimwe. Mate na unyevu hubaki ndani yake, na kupitia humo mafua na maambukizi mengine huhama kutoka mtu hadi mtu. Katika kikundi, kila mwanachama awe na chake chenye alama, na wakutane nje au mahali penye upepo. Mpigaji asukutue kinywa kabla ya kuanza. Baada ya kupiga, akigonge kinanda taratibu kwenye kiganja, matundu yakielekea chini, akifute kwa kitambaa safi na kukiacha kikauke kabla ya kukifungia. Kiini cha plastiki kinafaa zaidi kwa kuwa chombo chake kinaweza kusuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Kiini cha mbao huvimba kikilowekwa.

Asiye na uwezo wa kununua kinanda asikose zoezi. Kuimba kwa pumzi ndefu katika kwaya, kuguna wimbo midomo ikiwa imefungwa, na kupuliza mapovu kwa mrija ndani ya chupa ya maji ni njia zinazofanana nacho katika kutoa hewa. Zinachokosa ni ukinzani wa kuvuta, ambao kinanda hutoa.

La kuzingatia

Hakuna wimbo unaoshinda moshi. Familia inayomnunulia babu kinanda na kumwacha alale karibu na mafiga yanayofuka imefanya nusu ya kazi. Kuacha tumbaku, kufungua dirisha la jiko, kupikia nje panapowezekana na kutumia kuni kavu hulinda mapafu ya mzee, ya mama anayepika na ya mtoto aliye mgongoni mwake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na inasisitiza haki yake ya kupata huduma za afya. Haki hiyo huanza pale mhudumu anapokataa kuridhika na neno uzee kama jina la ugonjwa. Amsikilize kifua, apime makohozi yanapohitajika, atibu kinachotibika, kisha amwonyeshe mzee kazi anayoweza kuifanya mwenyewe kila asubuhi. Kwa baadhi yao, kazi hiyo itakuwa kupanda kutoka do hadi do bila kukatika pumzi katikati.